Kuunga gitaa la umeme kwa vipande vya kuagiza: mwongozo kamili wa mstari wa milimita 648

Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, na gitaa hakujua kulipiga. Huenda ndiyo maana mwaka 1950, alipotoa gitaa lake la ubao usio na tumbo, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Telecaster, alilibuni kama mtu wa redio: kikiharibika kitu, fungua, toa, weka kingine. Shingo inashikwa na skrubu nne tu. Kwa sababu ya skrubu hizo nne, leo mtu aliyekaa Tabata anaweza kuagiza shingo nchi moja, mwili nchi nyingine na pikapu nchi ya tatu (pikapu za gitaa, zile sumaku zenye koili zinazonasa mlio wa nyuzi, si za kubebea nyanya), akaviunga juu ya meza ya chakula.

Mimi nimeunga manne. La kwanza lilikuwa zuri kwa macho na halikufaa kwa muziki. Mwili ulikuja umeshatobolewa matundu ya daraja, lile bamba linaloshika nyuzi upande wa mwili, nami nikayaamini. Nyuzi zikipigwa wazi zilikuwa sawa kabisa. Ukipanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kila noti inapaa. Nikarudisha vitandiko nyuma, vile vyuma vidogo ambavyo nyuzi hukalia darajani, mpaka skrubu zikaisha. Nilipopima kwa rula ya chuma, kitu nilichotakiwa kufanya kabla ya yote, daraja lilikuwa limesogea mbele karibu milimita 5.

Ndipo nilipoelewa kwamba gitaa, ukilivua mapambo yote, ni mstari mmoja tu: kutoka kile kijiti cha mfupa kilicho mwanzo wa shingo hadi pale uzi unapokalia daraja. Kwa Telecaster na mdogo wake Stratocaster mstari huo ni inchi 25.5, yaani milimita 648 kasoro nukta chache. Freti zote zimepangwa kwa hesabu ya urefu huo, na zikishapigwa kwenye shingo hazihami. Kilichobaki mikononi mwako ni mahali pa daraja.

Mpiga roki anaweza kujificha nyuma ya mkwaruzo wa distosheni. Anayepiga solo la dansi au rumba hana pa kujificha: sauti ni safi, noti zinapigwa mbilimbili kule juu ya shingo, na zisipopatana hata mlinzi wa getini anasikia. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata Telecaster, gitaa rahisi kuliko yote kuunga, na umeandikwa kwa mtu anayetaka noti za juu zikae sawa.

Kabla ya kulipa chochote

Chagua familia moja ya vipimo na usitoke humo. Muuzaji akisema "inaingia Tele", mwombe picha ya kipande kikiwa kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene. Vipimo ninavyoviulizia mimi ni hivi:

- Upana wa kisigino cha shingo na wa shimo lake kwenye mwili: milimita 56 kwa vyote viwili. Kisigino cha Telecaster kina pembe kali, cha Stratocaster kimeviringwa, usivichanganye.
- Kina cha shimo la shingo: karibu milimita 16. Unene wa kisigino: milimita 25 na kidogo.
- Unene wa mwili: milimita 44 hadi 45.
- Matundu ya vikazio vya nyuzi kichwani: milimita 10 kwa vikazio vya kisasa. Vya mtindo wa zamani vinataka tundu jembamba zaidi.
- Umbali kati ya nyuzi mbili za pembeni, E nene na E nyembamba, darajani: takriban milimita 52.5 hadi 54.

Swali la mwisho ni kama nyuzi zinapita ndani ya mwili au zinaingilia nyuma ya daraja. Daraja la kupitisha nyuzi mwilini linahitaji matundu sita yaliyonyooka, na kuyatoboa bila drili ya kusimama ni kujitafutia aibu. Kwa gitaa la kwanza nunua daraja linaloingiza nyuzi kwa nyuma, na liwe na vitandiko sita. Lile la vitandiko vitatu vya shaba nyeupe lina sauti tamu, nakubali, lakini kila kitandiko kinabeba nyuzi mbili, na nyuzi mbili hazitaki urefu mmoja.

Pesa nyingi iende kwenye shingo. Ndiyo unayoishika, ndiyo yenye freti, ndiyo inayopinda. Baada ya shingo, pikapu. Mwili wa bei nafuu hauna madhara makubwa, na hapa kwetu una njia nyingine: seremala mwenye ruta, mashine ya kuchonga mbao, anaweza kuukata kwa mninga, mbao inayosinyaa kidogo ikishakauka. Sharti ni hilo la kukauka. Ubao uliotoka mashineni wiki iliyopita utahama na skrubu zako.

Kwa upande wa umeme utahitaji potenshometa mbili (moja ya volyumu, moja ya toni) za kilo-omu 250 zilizoandikwa A250K, swichi ya njia tatu, kapasita moja ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, na jeki ya mono ya milimita 6.35. Volyumu ndogo za redio zinafanya kazi ileile, lakini zinacheza kwenye tundu kubwa la bamba la Telecaster, na vishikizo vyake mara nyingi havilingani. Pikapu zinunue kama jozi moja. Sababu utaiona mbele.

Na usipige hesabu ya bei ya tovutini peke yake. Forodha hukokotoa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, halafu inakuja VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Nauli ya mwili wa gitaa huumiza kuliko mwili wenyewe. Kama lengo lako ni kuokoa pesa, acha hapa, katafute gitaa la mtumba.

Vifaa

Rula ya chuma ya mita moja, kalipa, bisibisi zinazolingana kweli na vichwa vya skrubu, drili yenye keekee za milimita 1.5 hadi 5, klampu mbili, pasi ya kulehemu ya wati 40 au zaidi, lehemu ya 60/40, maltimita, alenki, fila geji ya mafundi magari (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), tepu ya karatasi, kipande cha mshumaa na uzi wa kushonea. Tyuna ya simu inatosha kuanzia; ya kubana kichwani ni bora.

Mzigo ukifika

Usianze siku hiyohiyo. Shingo imetoka kwenye kiwanda kikavu, imekaa kwenye ndege, sasa iko Dar ambako hata chumvi mezani inalowa. Itoe kwenye plastiki, ilaze mahali pa kivuli wiki moja au mbili. Jamaa wa Dodoma wana tatizo la kinyume: kiangazi ubao wa freti unasinyaa na ncha za freti zinachomoza pembeni kama meno ya msumeno. Hizo zinapitishwa tupa laini, kwa pembe, taratibu.

Wakati unasubiri, jaribu kuingiza shingo kwenye shimo lake bila skrubu. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na mkono, na mwili ubebeke kwa kushika shingo bila kudondoka. Ikikataa, piga msasa ukuta wa shimo, kamwe si shingo. Ikicheza, pachika pembeni kipande cha veneri chembamba. Gundi haihitajiki hapa.

Kama mwili umekuja mtupu, huu ndio wakati wa rangi, kabla ya tundu lolote. Mafundi wa fenicha wa mtaani wanajua kazi hii kuliko video nyingi: msasa namba 120, 220, 320 kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao, sila, msasa tena, kisha vanishi tabaka jembamba jembamba. Mwambie fundi asijaze vanishi kwenye shimo la shingo. Ziba kwa tepu. Halafu uache ukauke hadi harufu iishe. Watu wengi hufunga daraja siku ya tatu na kukuta limejichora kwenye vanishi kama muhuri.

Kufunga shingo na kutafuta mstari

Hapa ndipo gitaa linapozaliwa au kuharibika. Jipe mchana mzima.

Bana shingo kwenye mwili kwa klampu, ukiweka vipande vya kadi kuzuia michubuko. Matundu manne ya mwilini yawe mapana kidogo kuliko skrubu, kama milimita 4.5 hadi 5, ili skrubu ipite bila kung'ata mbao ya mwili. Ikiing'ata, shingo haitavutwa hadi chini. Pengo la karatasi litabaki na utamaliza mwezi ukijiuliza mlio umekwenda wapi. Kwenye shingo, toboa milimita 3.2 kwa skrubu za kawaida za shingo. Zungushia keekee tepu kuonyesha kina. Mimi niliwahi kusema macho yangu yanatosha, keekee ikatokea upande wa pili, kati ya freti ya 20 na ya 21. Sugua kila skrubu kwenye mshumaa, kaza kwa mkono, ukizunguka kwa kuvuka kona kama unavyokaza nati za tairi.

Sasa weka rula ya mita kwenye ukingo wa ndani wa kijiti cha mfupa. Angalia kwanza freti ya 12: katikati ya kilele chake iwe milimita 324. Ikiwa ndivyo, shingo yako kweli ni ya 648. Endelea na rula hadi mwilini, weka alama ya penseli kwenye tepu, katikati ya mwili, penye milimita 648.

Alama hiyo si mahali pa daraja. Ni mahali pa kitandiko cha E nyembamba. Kitandiko hicho kisogeze mbele karibu mwisho wa safari yake, ubakishe milimita 2 hivi. Hivyo vitandiko vyote vinabaki na nafasi ya kurudi nyuma, na nyuma ndiko vitakakokwenda. Ukibonyeza uzi kwenye freti unauvuta, ukivutwa unapanda, kwa hiyo kila uzi unadai urefu wa ziada ili ushuke kurudi mahali pake. E nyembamba inadai kidogo sana. E nene inaweza kudai milimita 3 au 4 zaidi.

Umbali umepatikana, bado unyoofu. Funga vikazio viwili vya pembeni, tungia uzi wa kushonea badala ya nyuzi za chuma, upitishe kwenye mifereji ya kijiti hadi vitandiko vya pembeni, kisha uvute unyooke. Tazama kutoka juu: nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao wa freti iwe sawa pande zote mbili, freti ya kwanza mpaka ya mwisho. Sogeza daraja kushoto, kulia, mpaka macho yaridhike, kisha pima kwa kalipa maana macho huridhika mapema. Shika daraja kwa tepu. Pima 648 tena. Nenda kanywe chai. Rudi upime mara ya tatu, ndipo utoboe, kwa keekee ya milimita 2.5 kama skrubu ni za kawaida za daraja.

Mwili ukija umetobolewa, fanya yote haya hivyohivyo. Matundu yasipolingana na mstari, yazibe kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, utoboe upya. Bamba la daraja litafunika makovu.

Umeme

Kabla ya kulehemu, bandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya mashimo ya pikapu na ya swichi, vipande vigusane, na uiunge na ethi. Pikapu za koili moja zina mlio mkali na safi unaoupenda wa dansi, lakini zinanasa mvumo wa kila taa na chaja ya jirani. Shaba haiumalizi wote, inaupunguza.

Njia ya umeme yenyewe ni fupi. Waya wa moto wa kila pikapu unakwenda kwenye mguu wake wa swichi. Mguu wa pamoja wa swichi unakwenda kwenye mguu wa kuingilia wa volyumu, na kutoka hapo waya mmoja unakwenda kwenye toni. Mguu wa kati wa volyumu unakwenda kwenye ncha ya jeki. Mguu wa tatu wa volyumu unalazwa kwenye mgongo wa potenshometa yenyewe, ambao ndio ethi. Kapasita inatoka kwenye toni hadi ethi. Waya zote nyeusi za pikapu, mkono wa jeki, na waya mmoja unaopita chini ya daraja na kubanwa nalo, zote zinakutana kwenye migongo hiyo ya potenshometa. Usisahau ule wa daraja: ukiusahau, gitaa litavuma hadi uguse jeki.

Mgongo wa potenshometa ni chuma kingi, unakunywa joto. Ukwaruze kwa msasa, upake lehemu kwanza peke yake, kisha rudi na waya. Pasi dhaifu inakulazimisha kukaa pale muda mrefu, na ndani ya potenshometa kitu kinaungua kabla lehemu haijatulia. Lehemu iliyoshika vizuri inang'aa na kutambaa. Ikikaa kama tone la ugali, haijashika.

Pima bila ampu. Chomeka kebo kwenye gitaa, maltimita kwenye ncha na mkono wa plagi, volyumu na toni zote juu. Pikapu nyingi za aina hii husoma kilo-omu 6 hadi 8. Swichi ikiwa katikati, zote mbili pamoja zinasoma karibu nusu. Ukisoma sifuri, kuna waya umegusa ethi. Usiposoma kitu, kuna lehemu imeachia.

Halafu sikiliza kwenye ampu ya sauti ndogo, ukigonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Kama kila moja peke yake ina sauti nene, lakini zikiwa pamoja zinakuwa nyembamba kama redio ya simu, zinapingana. Hapo mtu atakwambia ugeuze waya za moja. Subiri: kofia ya chuma ya pikapu ya shingo imeungwa na waya wake mweusi, na bamba la chini la pikapu ya daraja vilevile. Ukigeuza bila kukata kiungo hicho, chuma hicho kinakuwa cha moto. Jozi moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja inakuepusha na yote haya.

Jambo moja si la mzaha. Waya wa daraja umeunganisha nyuzi, na kwa hiyo mikono yako, na bodi ya ampu. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu isiyo na ethi nyuma yake. Ukihisi mchonyoto ukigusa nyuzi, au midomo ikigusa maikrofoni, zima, mwite fundi umeme. Hiyo ni volti 230 inatafuta njia.

Nyuzi na kusawazisha

Weka nyuzi za 0.010 hadi 0.046, au 0.009 hadi 0.042 kama vidole ni vyepesi. Tyuni, zinyooshe kwa mkono, tyuni tena, mpaka zitulie. Kisha fuata mpangilio huu, kwa kuwa kila hatua inavuruga ya baada yake.

Kwanza shingo. Bonyeza E nene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha ingiza fila geji kati ya uzi na freti ya 7. Unatafuta milimita 0.25. Nafasi ikizidi, kaza nondo ya ndani ya shingo kwa kuzungusha alenki upande wa saa, robo mzunguko, si zaidi, usubiri, upime tena. Ikikosekana kabisa, legeza. Nondo ikigoma, usishindane nayo.

Pili kijiti cha mfupa. Bonyeza uzi freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1: pengo liwe kama unene wa karatasi. Vijiti vya kuagiza karibu vyote huja juu mno, na noti za freti tatu za mwanzo zinatoka kali hata kama daraja liko sahihi. Tupa maalumu ni ghali. Vile visindano vya kusafishia tochi ya gesi, vinavyouzwa madukani kwa mafundi wa kuchomelea, vinachimba mfereji vizuri. Mfereji uinamie upande wa vikazio. Ukizidisha, unga wa mfupa na tone la supagluu vitakurudisha nyuma.

Tatu kimo cha nyuzi: milimita 1.6 juu ya freti ya 17, kwa kugeuza skrubu ndogo za vitandiko. Vikishuka hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, legeza shingo, weka kipande cha kadi ya biashara ndani ya shimo, upande wa nyuma ulio karibu na daraja.

Nne pikapu. Bonyeza nyuzi freti ya mwisho. E nene iwe kama milimita 2.4 juu ya pikapu, E nyembamba milimita 2. Ukizileta karibu zaidi, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba kama zimelewa.

Mwisho, ule mstari. Piga uzi wa kwanza wazi, tyuni. Gusa juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upate ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza hapohapo kwa nguvu yako ya kawaida ya kupiga. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu ya kengele, uzi ni mfupi: rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni tena kila unapokisogeza, la sivyo unafukuza kivuli. Ukimaliza sita, utaona vitandiko vimejipanga kwa ngazi mbili: E nyembamba mbele, B na G zikirudi nyuma, halafu D inaanza tena mbele na A na E nene zikiifuata kurudi nyuma. Uzi mmoja ukitoka kwenye safu kwa mbali, mara nyingi ni uzi mbovu wala si daraja. Badilisha huo kwanza.

Halafu piga noti mbilimbili, B na G, freti ya 12 hadi ya 17, bila tyuna. Acha gitaa wiki tatu likiwa na nyuzi zake, kisha pima shingo upya. Yangu yote manne yalihama kidogo, na lile la tatu lilihama mara mbili, masika na kiangazi.